Dawa ya kisukari yageuzwa ya kupunguza unene: Mwenye duka wa Chuno apige hesabu kwanza

FEDHA za korosho zinapoanza kuingia baada ya minada ya miezi ya mwisho wa mwaka, maduka ya Mtwara Mjini hubadilika sura. Bati hutoka, pikipiki hutoka, magodoro, simu na vitenge navyo hutoka. Mwenye duka wa Chuno, ambaye miezi mingine anauza sabuni za vipande na sukari ya kupima, naye huanza kutafuta bidhaa ndogo itakayomwachia faida kubwa. Hapo ndipo linapoingia jambo tunalotaka kulichambua leo: kalamu za sindano za kisukari zinazouzwa kama dawa ya kupunguza unene.

Matangazo ya dawa hizi hayachagui mtu wa Masaki wala wa Chuno, kwa kuwa yanafika kwenye simu zote. Mzigo wake unaenea kwenye mkoba. Bei yake ni kubwa. Mteja anayeutaka hapendi kuulizwa maswali mengi, na mara nyingi hataki hata jirani ajue. Kwa mfanyabiashara hizo ni sifa za bidhaa nzuri. Hata hivyo, ukipiga hesabu mpaka mwisho unakuta muuzaji yuko hatarini, mnunuzi anapoteza fedha, na mgonjwa wa kisukari wa Nanguruwe au Msimbati, ambaye hajawahi hata kuiona kalamu hiyo, naye ana sehemu ya kulipa.

Tuanze na dawa yenyewe, kwa sababu wapo wanaodhani ni uongo mtupu na wapo wanaodhani ni muujiza. Jina lake la kitaalamu ni semaglutaidi. Inaiga homoni ambayo utumbo wa binadamu huitoa baada ya kula. Homoni hiyo huliamsha kongosho litoe insulini, hulichelewesha tumbo kumwaga chakula na huuambia ubongo kwamba mtu ameshiba. Kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark ilipata kibali cha kuiuza Marekani mwishoni mwa mwaka 2017 kwa jina la Ozempic, kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili. Wagonjwa wakaanza kupungua uzito, habari zikaenea, na watu wasio na kisukari wakaanza kuitafuta. Mwaka 2021 kampuni hiyo ikapewa kibali kingine cha kuuza dawa ile ile, kwa kipimo kikubwa zaidi, kwa watu wenye unene uliopitiliza. Hiyo ikaitwa Wegovy. Baadaye kampuni ya Eli Lilly ya Marekani nayo ikaja na Mounjaro, ambayo ni dawa nyingine ya aina hiyo.

Kwa hiyo kinacholeta mgogoro si kwamba dawa haifanyi kazi. Inafanya. Mgogoro uko kwenye kutumia Ozempic, iliyosajiliwa kwa kisukari, kwa kazi nyingine isiyoandikwa kwenye kibali chake. Daktari anaweza kuamua hivyo kwa mgonjwa anayemfahamu na kumfuatilia, na hilo hufanyika kwa dawa nyingi duniani. Duka la vipodozi halina mamlaka hayo.

Sasa hesabu. Kwa miaka kadhaa bei iliyotangazwa ya Ozempic nchini Marekani ilikuwa karibu dola 1,000 kwa mwezi. Novemba 2025 kampuni iliishusha kwa wanaolipa taslimu hadi kama dola 350 kwa vipimo vingi. Tukichukua dola moja kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe rahisi, hiyo ni shilingi 875,000 kwa mwezi, au shilingi milioni 10.5 kwa mwaka. Katika mnada wa kwanza wa msimu wa 2024/25, Oktoba 2024, korosho ghafi zilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Hata kwa bei hiyo nzuri, dawa ya mwezi mmoja ni kilo 219 za korosho. Ya mwaka mzima ni tani mbili na nusu na ushee. Kuna familia nyingi za Mtwara Vijijini ambazo hazifikishi mzigo huo ghalani.

Upande wa pili wa hesabu unashangaza zaidi. Machi 2024 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Yale, walichapisha makadirio kwamba semaglutaidi ya mwezi mmoja inaweza kutengenezwa kwa gharama ya kati ya senti 89 za dola na dola 4.73, pamoja na faida ya kawaida. Yaani haizidi shilingi 12,000, ambazo ni kilo tatu tu za korosho kwa bei ile ile. Tofauti kati ya kilo tatu na kilo 219 ndiyo iliyoifanya Novo Nordisk mwaka 2023 kuwa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote barani Ulaya, thamani ya hisa zake ikapita pato la mwaka la nchi yake. Novemba 2025 Eli Lilly nayo ikafikia thamani ya dola trilioni moja. Mkulima anayelalamika kwamba mnunuzi wa mnadani anambana ataelewa haraka biashara ya namna hii inavyokwenda.

Mnunuzi wa Mtwara anayepata kalamu moja kwa njia za panya, tuseme kwa bei nafuu, anafikiri amenunua wembamba. Hajanunua. Dawa hii huanzwa kwa kipimo kidogo cha miligramu 0.25 kwa wiki, kwa wiki nne, kwa lengo la kulizoesha tumbo tu. Kalamu ya kwanza huisha kabla kazi haijaanza, na anayerukia kipimo kikubwa ili kufidia fedha yake huishia kutapika. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 watu walichoma sindano kila wiki kwa wiki 68, wakiwa na wataalamu wa kuwashauri chakula na mazoezi, na uzito ukapungua kwa wastani wa karibu asilimia 15. Walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, theluthi mbili ya uzito uliopungua ilikuwa imerudi. Mama wa kilo 90 angepungua kama kilo 13, kisha kilo tisa zikarudi. Zaidi ya hapo, sehemu ya kinachopungua ni msuli na si mafuta peke yake, jambo ambalo kwa mtu anayeshika jembe la mkono au kubeba magunia si dogo. Na dawa haifai kwa mjamzito. Anayepanga kushika mimba hutakiwa kuiacha miezi miwili kabla.

Hili ndilo ambalo mwuzaji wa mtaani hasemi: huuzi kitu cha kumaliza tatizo, unauza mkataba wa kulipa kila mwezi. Wateja wangapi wa Chuno wana kipato cha kila mwezi kisichotegemea msimu?

Kuna suala la joto, na hapa mwenye duka ajihesabu vizuri. Kalamu ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, na isigande, ikiganda imeharibika. Ikishaanza kutumika inaweza kukaa nje kwa wiki nane, lakini chini ya nyuzi 30. Mchana wa Novemba na Desemba Mtwara hupita nyuzi 30 bila taabu, na hiyo ni miezi ile ile ambayo fedha ziko mtaani. Kutoka Dar es Salaam mzigo husafiri zaidi ya kilometa 550. Ukiwekwa kwenye buti la basi, au chini ya kiti pamoja na ndoo za samaki, unaofika Mtwara ni maji ya bei ghali. Kwa macho huwezi kujua, kwa sababu dawa iliyoharibika kwa joto inaweza kubaki angavu kama ilivyotoka kiwandani. Muuza samaki wa Feri anajua thamani ya barafu kuliko wengi wanaouza dawa kwa simu.

Ukishaongeza jokofu, umeme na jenereta ya akiba, faida ile uliyoiona kwenye mkoba inayeyuka. Anayeuza bila gharama hizo anamuuzia mwenzake hatari.

Na hiyo ni dawa halisi. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari kwa nchi zote kuhusu matoleo matatu ya Ozempic bandia yaliyogunduliwa Brazil na Uingereza Oktoba 2023, kisha Marekani Desemba mwaka huo. Nchini Austria, Oktoba 2023, watu kadhaa walilazwa wakiwa na sukari iliyoshuka mno, wengine wakipata degedege, baada ya kuchoma kalamu bandia. Mamlaka za huko zilisema dalili zinaonyesha kwamba ndani yake kulikuwa na insulini. Mtu asiye na kisukari akichomwa insulini bila kujua anaweza kufa usingizini. Ikiwa nchi zenye maabara na wakaguzi wa kila aina ziliingiliwa, mzigo usio na risiti unaopita mikono minne kabla ya kufika Chuno hauna wa kuudhamini. Hapa jirani, Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya nayo ilionya mwaka 2025 juu ya watu wanaotumia Ozempic kwa kupunguza uzito bila daktari.

Kwa sheria zetu mambo yako wazi. Dawa hairuhusiwi kuuzwa nchini bila kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kusini iko hapa hapa Mtwara. Sindano hizi ni dawa za cheti: zinatolewa na famasi kwa karatasi ya daktari. Duka la dawa muhimu lina orodha yake na kalamu hizi si mali ya duka hilo, sembuse saluni. Atakayekamatwa nazo hatapoteza kalamu peke yake. Kuna kesi, na kuna leseni ya biashara nyingine aliyoijenga kwa miaka.

Tumesema mgonjwa wa kisukari naye analipa. Wakati mahitaji ya wanaotaka kupungua yalipopanda kuanzia mwaka 2022, dawa ziliadimika nchi nyingi. Marekani iliiweka semaglutaidi kwenye orodha ya dawa adimu hadi Februari 2025. Uingereza, Julai 2023, iliwaagiza madaktari waache kuwapa wasio na kisukari dawa zilizosajiliwa kwa kisukari. Hayo ni ya Ulaya na Marekani, ambako mgonjwa alikosa dawa moja akapewa nyingine.

Kinachotuhusu zaidi kilitokea Afrika Kusini. Kwa karibu miaka kumi wagonjwa wa hospitali za serikali huko walikuwa wakipata insulini ya kawaida katika kalamu zilizoletwa na Novo Nordisk. Mkataba ulipokwisha, serikali ilitafuta mzabuni wa kuleta kalamu milioni 14 kwa miaka mitatu, kwa bei ya takriban dola 2 kwa kalamu. Hakuna aliyejitokeza. Habari hiyo ilipolipuka mwaka 2024, kampuni ilieleza kwamba uwezo wa viwanda vyake una kikomo. Shirika la madaktari la Médecins Sans Frontières likajibu kwamba viwanda vimeelekezwa kwenye kalamu za kupunguza unene zenye fedha nyingi. Wagonjwa, wakiwamo wazee wasioona vizuri, wakarudishwa kwenye vichupa na bomba la sindano.

Mfanyabiashara yeyote anajua kilichotokea pale: mwenye mashine moja hukoboa kwanza mpunga wa anayelipa zaidi. Tusiwe na unafiki wa kumlaumu mwenye mashine peke yake. Kampuni hiyo hiyo ina mpango ulioanza mwaka 2009 wa kuwapa watoto insulini bure, na Tanzania imo. Lakini mpango wa hisani hauna nguvu ya soko. Foleni ya dunia inapopangwa kwa fedha, insulini ya bei ndogo inasukumwa nyuma, na zahanati ya kijiji cha pwani ya Ruvuma ipo mkiani kabisa.

Nani hasa yuko kwenye foleni hiyo kwetu? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapima watu wazima wa miaka 25 hadi 64 na kukuta kama asilimia 9 wana kisukari, na asilimia 26 wana uzito uliozidi. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Unene si ugonjwa wa mabosi wa Dar es Salaam tena. Bodaboda imechukua safari za miguu, soda imeingia kila kijiji kunakofika gari la mnada, na ugali wa muhogo kwa samaki unaachiwa wazee huku vijana wakitaka chipsi.

Inachekesha kidogo, kama haingekuwa na madhara, kwamba si zamani sana maduka ya namna hii yalikuwa yakiulizwa dawa za kunenepesha. Kuanzia Kongo hadi huku Afrika Mashariki vidonge vya mzio na vile vya deksamethasoni vimetumiwa na wanaotaka mwili na makalio. Deksamethasoni hupandisha sukari. Kwa hiyo mtu anaweza kununua kisukari kwenye kaunta moja, kisha akauziwa dawa ya kisukari ya kumkondesha kwenye kaunta hiyo hiyo.

Wasioweza bei ya kalamu wanakimbilia metfomini, kidonge cha kisukari cha bei ndogo kilichoanza kutumika Ufaransa mwaka 1957 na ambacho mpaka leo ni mhimili wa tiba. Wanasikia kinapunguza mwili. Ni kweli, lakini kidogo sana, na huharisha wengi. Kwa mwenye figo mbovu kinaweza kulimbikiza asidi mwilini na kuua. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 unaostahili kubandikwa ukutani kwenye kila ofisi ya AMCOS. Watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari waligawanywa makundi. Waliopewa metfomini walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 31. Waliofundishwa kupunguza chakula na kutembea dakika 150 kwa wiki waliipunguza kwa asilimia 58, na walipungua kilo nyingi kuliko wa vidonge. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mwenye shamba la mikorosho anayekwenda palizi kwa miguu anapita hapo kabla ya saa nne asubuhi. Mwenye duka anayekaa kwenye kiti tangu alfajiri mpaka isha hafiki.

Mambo lakini hayatabaki kama yalivyo. Septemba 2025 WHO iliingiza semaglutaidi na wenzake kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wenye matatizo ya moyo au figo pamoja na unene. Desemba mwaka huo ikatoa mwongozo wa kuzitumia kutibu unene uliopitiliza kwa watu wazima, kwa masharti, zikienda pamoja na chakula bora na mazoezi. Nchini India, hataza ya semaglutaidi, yaani haki ya pekee ya kuitengeneza, iliwekewa kikomo Machi 2026, na viwanda kama Dr. Reddy's na Sun Pharma vilijiandaa mapema kutengeneza dawa hiyo kwa majina yao. India hiyo inayonunua korosho zetu ghafi ndiyo inayotuuzia sehemu kubwa ya vidonge vyetu. Bei ikielekea kwenye zile kilo tatu, kishawishi cha kuleta mzigo wa mkobani kitaongezeka.

Ndiyo maana maswali ya kuuliza serikalini ni ya mapema kuliko bei. Dawa hii ikiingia kwenye manunuzi ya Bohari ya Dawa, ambayo ina ghala la kanda hapa Mtwara, atatangulia nani: mgonjwa wa kisukari mwenye figo zinazochoka anayehudhuria kliniki ya Ligula, au anayelipa? Vituo vya afya vitapata majokofu ya kuitunza bila kuondoa chanjo na insulini? Madiwani wanapokaa kupitisha bajeti ya afya ya halmashauri, haya yako ndani ya uwezo wao kuyauliza.

Kwa mwenye duka wa Chuno anayeona dawa ni biashara, ipo njia iliyo wazi. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia mkoa jirani wa Ruvuma mwaka 2003, na Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyofuata. Unahitaji mtoa dawa aliyepata mafunzo, jengo lililokaguliwa na kibali. Faida kwa kila kidonge ni ndogo, ila mteja wa dawa halali hurudi hata mwezi Mei, wakati korosho zimekwisha na waliokuwa wanatafuta kalamu wameshasahau njia ya dukani kwako.